Kiwanja si Lupango

Katika Kiswahili cha Lubumbashi kuna maneno mawili ambayo mtu hawezi kuyachanganya: kiwanja na lupango. Lupango ni mahali penye ua na mwenyewe. Mtu hununua lupango, hujenga ndani yake, huwaachia watoto wake, na mara nyingine hufikishwa mahakamani kwa sababu yake. Kiwanja ni mahali pa wazi ambapo watu huchezea. Kina wachezaji, kina watazamaji, kina wazee wanaokaa pembeni na kutukana mwamuzi, lakini hakina mwenyewe. Ukimwambia mtoto wa hapa kwetu "twende ku kiwanja", hatakuuliza ni cha nani.

Mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiswahili sanifu atakuta jambo tofauti. Huko kiwanja ni eneo dogo la michezo, na vilevile ni kipande cha ardhi cha kujengea nyumba. Mtu wa Dar es Salaam akisema amenunua kiwanja, anakusudia kile sisi tunachokiita lupango. Kwetu, neno lupango, ambalo lina ndugu katika lugha za jirani kama Kibemba, limeichukua maana ya pili na kukiachia kiwanja maana ya kwanza peke yake. Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika mfano huu katika daftari yangu ya semantiki, chini ya kichwa "mgawanyo wa maana". Sikujua kwamba siku moja watu wa mtaa wetu wangeuhitaji.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, vipande vya chuma vilivyopakwa rangi nyekundu vilichomekwa kwenye kona nne za kiwanja chetu. Baada ya majuma mawili mkubwa wa mtaa alionyeshwa karatasi yenye ramani. Juu ya ramani kiwanja chetu kilikuwa kimegawanywa katika mistatili midogo yenye namba, na pembeni, kwa Kifaransa, mahali palitajwa kwa maneno mawili: terrain vague. Yaani ardhi tupu, ardhi isiyo na kazi. Sitataja jina la mtaa wala la ofisi, kwa sababu shauri bado liko mezani na wazee wameniomba iwe hivyo. Nitaeleza tu kiwanja chenyewe, na kazi ambayo mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika mwenye miaka 24, niliombwa kuifanya.

Mtaa wetu ulianza kama kambi ya wafanyakazi. Historia ya kambi za mji huu inajulikana vizuri katika kitivo chetu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Miaka ya kwanza kampuni ilileta wanaume peke yao kwa mkataba mfupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa yake. Ilianza kutafuta wafanyakazi Kasai, Lomami, Ruanda na Urundi, ikawataka waje na wake zao na wakae muda mrefu. Mtu anayekaa na familia anahitaji nyumba, hospitali na shule. Anahitaji pia kitu cha kufanya siku ya mungu. Ndipo yakaja mambo ya burudani: kiwanja cha mpira, cercle ya kunywea na kusoma magazeti, sinema ya jioni, foyer social ya kina mama.

Tusidhani burudani hiyo ilikuwa zawadi tu. Wakubwa wa kampuni walitaka kujua mfanyakazi yuko wapi hata baada ya saa za kazi, na kiwanja kilikuwa mahali pazuri pa kumwona. Lakini mahali ambapo watu wanaonekana ni mahali ambapo watu wanaonana pia. Mwezi wa Desemba 1941, katikati ya vita, maisha yalipopanda bei, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka mshahara uongezwe. Tarehe 9 Desemba wagomaji walikuwa wamekusanyika kwenye kiwanja cha mpira hapa Élisabethville. Askari walifyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyo, karani aliyewasemea wenzake. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1970 alimsimulia Johannes Fabian historia ya nchi yetu kwa Kiswahili cha mji huu, aliichora siku ile. Kiwanja chetu si kile cha mwaka 1941. Chetu ni kidogo, cha kambi ndogo. Lakini wazee wa kwetu wakisema "pale ku kiwanja" kwa sauti ya chini, kila mtu anajua wanasemea kiwanja gani, na vijana huacha kucheka.

Basi, kazi niliyopewa. Kwenye mkutano wa mtaa, mama mmoja anayeuza makala karibu na barabara alisimama akasema: "Ule mutoto wa université anajifunza maneno. Atuandikie barua." Watu walinitazama. Nilisema kwamba mimi si mwanasheria. Mzee mmoja, mstaafu wa Gécamines, alinijibu: "Mwanasheria tutamutafuta. Weye andika tu hapa panaitwa namna gani."

Nilirudi nyumbani nikafikiri kwamba mzee yule amenipa, bila kujua, njia ya kazi. Sisi wa Lubumbashi tuna mfano mkubwa wa njia hiyo. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu kilitoa kitabu kidogo cha historia ya mji, kilichoandikwa kwa Kiswahili chetu na André Yav. Ni historia, inasimulia watu na mambo, lakini jina lake ni la Kifaransa na linasema ni "vocabulaire" ya mji wa Elisabethville. Mwalimu wetu aliwahi kutuuliza kwa nini historia iitwe msamiati, na hatukuwa na jibu zuri. Nadhani sasa ninalo moja. Mtu asiye na hati ya mahali, anayo majina ya mahali. Akiyapanga vizuri, yanakuwa ushahidi.

Nilianza kukusanya majina. Kwa majuma matatu, kila jioni, nilizunguka kiwanja na daftari. Sikuuliza "hapa panaitwaje", kwa sababu swali hilo huwafanya watu watunge jina ili kumfurahisha muulizaji. Nilisikiliza tu watu wakipeana miadi, mama akimwita mtoto, kocha akiwapanga vijana. Jina ambalo nililisikia kutoka kwa watu watano wasiokuwa pamoja nililiandika. Yakapatikana majina 11.

Kuna magoli mawili. La juu linaitwa Golo ya Shemine, kwa sababu ukisimama katikati ya milingoti yake na kutazama mbele, unaona ule mnara mrefu wa tanuri, shemine ya Lubumbashi, na mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando yake. La chini linaitwa Golo ya Mayi. Kuanzia Novemba mvua ikinyesha, maji hukusanyika pale, na kipa huvaa buti za baba yake.

Halafu kuna majina yanayoanza kwa ku. Ku Serkle ni jengo la matofali mekundu lisilo na madirisha tena. Vijana wa ngumi hufanya mazoezi ndani yake asubuhi, na kwaya mbili hugawana jioni. Ku Fwaye ni nyumba ndefu iliyo upande wa jua kuzama. Ku Bendera ni mlingoti wa chuma ambao bendera yake ilikoma kupandishwa kabla sijazaliwa. Ku Robine ni bomba la maji, na hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuamka saa kumi ya usiku na bidoni mbili.

Majina mengine yanaanza kwa pa. Pa Posho ni sehemu ya udongo mgumu karibu na barabara, ambapo zamani familia zilipanga foleni kupimiwa unga, maharagwe na samaki wakavu. Pa Sinema ni mbele ya ukuta wa nyuma wa Serkle, uliokuwa ukipakwa chokaa ili filamu ionekane. Wazee wanakumbuka Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wa filamu zilizotengenezwa na padri Mbelgiji huko Kasai katika miaka ya 1950. Pa Kisolo ni benchi la saruji ambalo mtu fulani alilichonga mashimo, na wanaume wa rika la baba yangu hucheza juu yake kwa mbegu tangu saa tisa mpaka giza. Pa Likelemba ni chini ya mwembe mkubwa, ambapo kina mama hukutana kila siku ya posho, yaani Jumamosi, kuweka pesa na kumpa mmoja wao zamu yake. Pa Kilio ni uwanda mdogo wa upande wa mashariki: akifa mtu wa mtaa ambaye nyumba yake ni ndogo, viti na maturubai huwekwa pale, na watu hulala nje kando ya moto.

Ndugu msomaji, tazama viambishi hivyo kama tunavyofundishwa. Kiswahili sanifu kingeweka -ni mwishoni: serkleni, bombani. Sisi tunaweka ku, pa na mu mbele, kama zifanyavyo lugha nyingi za jirani. Hilo linajulikana. Lakini katika majina haya 11 niliona jambo ambalo sikulitegemea. Majina yote manne yenye ku ni ya mahali penye kitu kinachoonekana: jengo, nyumba, mlingoti, bomba. Majina matano yenye pa ni ya mahali ambapo tendo hufanyika, au lilifanyika. Mwembe upo, benchi lipo, ukuta upo, lakini jina halikutoka kwa mwembe, benchi wala ukuta. Lilitoka kwa kazi ya watu. Na Pa Posho na Pa Kilio, ukienda Jumanne asubuhi, hutaona kitu chochote. Utaona udongo.

Mpima ardhi alikwenda asubuhi ya siku ya kazi. Aliona udongo, akaandika "vague". Sisemi alidanganya. Nasema alihesabu ku akaacha pa.

Jambo la pili nililolipata ni kwamba majina haya hayakumbukwi sawasawa na watu wote. Nilipomuuliza nkambo wangu, mama wa baba, kuhusu Ku Fwaye, alicheka kwanza. Alipelekwa pale akiwa msichana kujifunza kushona, kupika na kuogesha mtoto kwa namna ya Wazungu. "Tulikuwaka tunashona mavazi ya mutoto mbele ya kuwa na mutoto," alisema. "Masista wanasema: nyoosha uzi. Tunanyoosha. Mama yangu naye alikuwa anajua kushona, lakini hakuna mutu alimuuliza." Mashine moja ya kushona iliyotoka pale iko bado kwetu, na ada yangu ya mwaka wa kwanza ililipwa na nguo zilizopita chini ya sindano yake. Kwa hiyo siwezi kuisema Fwaye kwa wepesi, si kwa sifa wala kwa lawama.

Mstaafu wa Gécamines alikumbuka zaidi mpira. Alinieleza jinsi kila idara ya kazi ilivyokuwa na timu, na jinsi vijana hodari walivyotazamwa na timu kubwa za mji. Watu wa hapa hawasahau kwamba Tout Puissant Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968, wala kwamba mwaka 2010 ilifika fainali ya dunia ya klabu. Kila mtaa unaamini kwamba mmoja wa wachezaji wale alianzia kwao. Wetu pia unaamini hivyo. Sikuliandika katika barua, kwa kuwa mtaa wa pili ungeandika vilevile.

Kisha alinyamaza kidogo akasema juu ya miaka ya 1992 na 1993. Siku hizo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, wengi wakapanda treni kurudi mahali ambapo hawakuzaliwa. "Timu yetu ilibakia na watu sita," alisema. Pa Kisolo, aliniambia, zamani palikuwa na benchi mbili. Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Katika daftari niliandika tu: benchi mbili.

Yeye mwenyewe aliacha kazi mwaka 2003, katika ule mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari". Anayatamka maneno hayo kwa Kifaransa, départ volontaire, kila mara kwa kuyakata katikati, kama mtu anayevunja kuni. Baada ya kampuni kuacha kugharimia kambi, hakuna aliyelipa mlinzi wa kiwanja, wala chokaa ya mistari, wala balbu. Lakini kiwanja hakikufa. Watu walipanga mambo yao bila kampuni. Leo asubuhi na mapema ni ya wakimbiaji na watu wa ngumi. Saa nane ni ya watoto wa shule ya msingi. Saa kumi ni ya vijana wakubwa, isipokuwa Jumatano na Ijumaa, ambazo ni za timu ya wasichana. Walizipata baada ya kukaa chini katikati ya kiwanja na kukataa kuondoka. Jumamosi asubuhi kuna salongo: kufyeka majani, kuzibua mfereji wa Golo ya Mayi. Katika likizo kubwa, kati ya Julai na Septemba, kuna mashindano ya mitaa, na kombe lake ni sufuria iliyong'arishwa. Ratiba hii haijaandikwa popote. Nilipoiweka kwenye karatasi, ilijaza saa zote za juma isipokuwa usiku na asubuhi za siku za kazi.

Tulipokaa kuandika barua, shida ilikuwa lugha. Ofisi inasoma Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi, na kila mtu kwenye mkutano alijua barua ya Kiswahili ingelala kwenye meza gani. Tuliandika Kifaransa. Kisha tukafika kwenye neno kiwanja. Nikapendekeza "terrain". Kijana mmoja akasema: "Lakini terrain njo neno lao. Wao beko na terrain vague, sisi tuko na terrain. Batasema ni kitu kimoja." Alikuwa na haki. Tulijaribu "terrain de jeux", kina mama wa likelemba wakakataa, kwa kuwa wao hawachezi. Tukajaribu "espace public", wazee wakasema hilo ni neno la watu wa semina. Mwishowe tuliacha kiwanja kama kilivyo, kwa herufi kubwa, na chini yake tukaeleza kwa Kifaransa, kwa sentensi moja: kiwanja ni mahali pa wazi ambapo mtaa hufanya mambo ambayo hayawezi kufanyika ndani ya lupango la mtu mmoja. Kisha tukaambatanisha majina 11, kila jina na mahali pake kwenye ramani niliyoichora kwa mkono, na ratiba ya juma.

Barua iliwekwa sahihi na watu 214. Wasiojua kuandika waliweka kidole. Nkambo wangu aliandika jina lake lote kwa mwandiko wa Fwaye, uzi ulionyooshwa.

Mkubwa wa mtaa aliipeleka pamoja na watu watatu, nami nikiwa mmoja wao. Karani aliyetupokea aliipitia haraka mpaka alipofika kwenye orodha. Hapo alianza kusoma polepole, na midomo yake ikatembea. Alituuliza kama Pa Posho ni ile sehemu iliyo karibu na barabara kuu. Tulisema ndiyo. Alisema mama yake alikuwa akipanga foleni mahali panapoitwa vilevile, katika kambi nyingine, upande wa pili wa mji. Alipiga muhuri, akatupa nakala yenye namba, akasema tungoje. Tunangoja tangu Machi. Vyuma vyekundu viko bado kwenye kona. Kimoja watoto wamekifunga kamba na kukifanya mlingoti wa wavu wa voliboli, na nimekiongeza kwenye ramani kama jina la 12: Pa Voliboli. Halijafikisha watu watano, lakini litafika.

Kwa wenzangu wa idara nina ombi moja. Wengi wetu tunatafuta mada ya mémoire katika vitabu vya Schicho na Fabian, na ni vizuri kuvisoma. Lakini kila mmoja wetu anatoka Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba au Makomeno, na kila mahali kuna kiwanja. Chukueni daftari, mkae pembeni jioni, mwandike majina kama yanavyotamkwa, pamoja na ku na pa zake. Andikeni nani anayatumia na nani ameyasahau. Msingoje vyuma vyekundu. Mkubwa wa mtaa wa jirani amekwisha kuniuliza kama kuna mwanafunzi mwingine "anayejifunza maneno", kwa sababu kwao pia wapima wamepita.